Bamvua Mbili za Songo Songo

Kreti la soda lilikuwa limenibana goti tangu tulipoipa kisogo Kilwa Kivinje. Mashua ilikuwa imejaa madumu, magunia ya unga, mabati na watu, nami nilitaka tu kunyoosha mguu. Nikalisukuma kreti kwa kisigino bila kugeuka kutazama kilichokuwa nyuma yake. Wakati huohuo wimbi la kusi likatupiga ubavuni, kreti likateleza kuliko nilivyokusudia. Nikasikia mlio mdogo, kama njukuti inapovunjwa. Kisha nikasikia kilio.

Nyuma ya kreti alikuwa amelala mwanambuzi wa wiki mbili hivi, dume, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mguu wake wa mbele wa kulia ulikuwa unaning'inia kuanzia chini ya goti. Mama yake, aliyefungwa kamba penye mlingoti, alilia naye akajivuta mpaka kamba ikamkaba. Mwenye mbuzi, bibi mmoja wa Songo Songo aliyekuwa ameketi tezini, alinyanyuka, akavuka magunia na magoti ya watu, akampakata yule mtoto juu ya kanga yake. Hakunigombeza. Hakuna aliyenigombeza chomboni mle, na kimya kile kilinilemea kuliko ambavyo matusi yangenilemea.

"Nisamehe, bibi," nikasema.

"Nishikie mguu kwanza, mwanangu. Msamaha unangoja. Mfupa haungoji."

Nikashika. Ulikuwa mwembamba kama kidole changu, una joto, na ndani yake nilihisi ncha mbili zikisuguana. Nahodha akapaza sauti kutoka kwenye usukani kwamba tumfunge asiuchezeshe. Nikatoa penseli mbili mfukoni, nikazilaza pande mbili za mguu, nikachana leso yangu na kufunga. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hudhani kukaza ndiko kutibu.

Nilikuwa nakwenda Songo Songo kwa shughuli nyingine kabisa. Watu wengi hukichanganya kisiwa hiki na Songo Mnara, kilicho kusini ya Kilwa Masoko, ambacho magofu yake pamoja na ya Kilwa Kisiwani yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Songo Songo kiko upande wa kaskazini, na umaarufu wake umefukiwa ardhini. Mwaka 1974 kampuni ya Kiitalia ya AGIP iligundua hapa gesi asilia, ya kwanza kupatikana nchini. Ilikaa chini miaka 30. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kusafiri: kilomita 25 za bomba chini ya bahari hadi pwani ya Somanga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo. Nimeishi Dar miaka yote hiyo nikisomea na kupigia pasi nguo kwa pumzi ya kisiwa nisichokijua. Niliona ni haki nikione. Nilijipangia siku tatu, na katika daftari langu mlikuwa na maswali 19 juu ya gesi. Mengi sikuyauliza.

Tulishuka maji yakitufika magotini. Bibi alimbeba mtoto, mjukuu wake wa kike wa miaka kama tisa alikuja mbio kuishika kamba ya mama mbuzi, nami nikabeba unga. Njiani nikaambiwa habari yote. Mbuzi wale walikuwa wa yule binti. Bibi alikuwa ameweka kidogokidogo pesa za pweza mpaka zikatosha mbuzi jike mwenye mtoto, ili mjukuu awe na kitu chake mwenyewe. Alikuwa amevuka kwenda kuwanunua, na sasa zawadi ilikuwa inafika imevunjika. Binti alinitazama, akautazama mguu, akaniuliza, "Mjomba, ni wewe?" Nikamjibu kuwa ndiyo, ni mimi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipewa chumba kwenye nyumba ya jirani, na kupitia ukuta wa makuti wa uani nilimsikia mwanambuzi akilia, mama yake akimjibu kwa sauti ya chini, kisha kimya, kisha tena. Mbali kidogo taa za mitambo ya gesi ziliangaza bila kupepesa.

Alfajiri, baada ya sala, Bibi akaniita. Kwato mbili ndogo zilizochomoza chini ya leso yangu zilikuwa baridi, na nyama juu yake imevimba ikang'aa. Aliigusa miguu yote minne, mmoja baada ya mwingine, kisha akaniambia niiguse vivyo hivyo. Mitatu ilikuwa na joto. Ule wa nne ulikuwa kama jiwe la kisimani.

"Fungua," akasema. "Umemfunga kama mzigo wa kuni."

Nilipofungua fundo nilikaa na kwato ile kiganjani mpaka joto likaanza kurudi. Sikuwahi kungoja kitu kidogo namna ile kwa moyo wote namna ile.

Aliyeitwa kuja kumfunga upya hakuwa mganga wa mifugo. Alikuwa fundi wa vyombo, mzee mwenye mikono mipana yenye makovu ya tezo, ambaye kijijini huitwa pia mtu anapoteguka au anapovunjika kidole. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye mguu. Alipapasa kuanzia begani kushuka chini. Ngozi haikuwa imepasuka, na hilo lilimfurahisha. Mfupa uliovunjika ulikuwa ule mrefu ulio kati ya goti la mbele na kifundo cha juu ya kwato, na hilo pia lilimfurahisha: penye mfupa ulionyooka na nyama chache, ubao hukaa. Angevunjika juu, penye bega au paja, alisema, asingekuwa na pa kushikia.

Kisha akafanya kazi yake. Alichukua mgongo wa kuti kavu, akaupasua kwa kisu vipande vinne vyembamba, akavilainisha kingo na kuvipima kwenye mguu mzima ili virefuke kupita goti juu na kupita kifundo chini. "Ukifunga palipovunjika tu," alinieleza, "viungo vya juu na chini vitaendelea kucheza, na mfupa utacheza navyo." Akamwomba binti akachume kilifu, ule utando wa nyuzi unaofumbata makuti mnazini, akauponda mpaka ukawa laini. Akazungusha kwanza kitambaa cha kanga kuukuu, juu yake kilifu, juu ya kilifu vile vipande vinne, na mwisho uzi wa nyavu, mzunguko baada ya mzunguko. Kila mzunguko alipitisha kidole chini yake. Kidole kikikataa kupita, alilegeza. Ncha za kwato aliziacha wazi, ili, alisema, mguu uweze kutuambia hali yake.

"Hili gango," akasema alipomaliza. "Sasa hesabuni bamvua mbili."

Nikamwomba arudie. Kisiwani pale siku za maana huhesabiwa kwa maji. Mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu, bahari isipokwenda mbali wala kurudi karibu. Sisi tulikuwa tumefika wakati wa maji mafu. Bamvua ya kwanza ilikuwa wiki moja mbele, ya pili wiki mbili baada ya hiyo. Zikipita zote mbili, zingekuwa siku 25 hivi. Baadaye nilimpigia simu rafiki yangu wa bara, mtaalamu wa mifugo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikamuuliza mfupa wa mwanambuzi wa umri ule huchukua muda gani kuunga. Wiki tatu hadi nne, akajibu. Mitume wawili, ujumbe mmoja.

Rafiki yule aliongeza mengine, nikayaandika kwenye ukurasa niliouandalia gesi. Asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu, maana vinaweza kumdhuru kuliko mguu wenyewe. Gango lisilowe, na likilowa libadilishwe siku hiyohiyo. Tulinuse kila siku, kwa kuwa harufu mbaya hutangulia kabla jicho halijaona kidonda. Mtoto wa umri ule hukua haraka, kwa hiyo lifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya wiki, la sivyo mguu utanenepa ndani ya kifungo kilekile. Ikitokea ngozi imepasuka, atafutwe daktari bila kuchelewa, kwani pepopunda huwapata mbuzi kama inavyotupata sisi. Na jambo moja ambalo hatukulifikiria: wageni hawa wawili wasichanganywe na mbuzi wengine wa kijiji kwa wiki tatu. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008 huko kaskazini, ilifika Tandahimba na Newala mwaka uliofuata ikiwa imebebwa na mbuzi walionunuliwa mnadani Pugu. Ugonjwa ulishuka mamia ya kilomita hadi kusini kwa miguu ya biashara tu. Nilipomweleza Bibi, alitikisa kichwa. "Basi mguu umetufungia mlango sisi sote. Tutakaa uani."

Kwa hiyo tukakaa uani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu wake ni kwamba haikuisha. Ni vigumu mwanambuzi kunyonya akiwa amelala. Afadhali asimame, na miguu mitatu ilimchosha kabla hajashiba. Mara tano kwa siku, na mara moja usiku wa manane, mmoja wetu alimshika mama pembe, mwingine akamsimamisha mtoto kwa kiganja chini ya kifua, mguu wenye gango ukielea. Siku ya kwanza nilitaka kumpangusa kwa dawa ya kuoshea vidonda niliyokuja nayo. Bibi akanizuia mkono. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu, akasema. Mpake harufu ya duka la dawa, mama atampiga pembe, na hapo utakuwa umemvunja mara ya pili. Nikairudisha chupa mkobani.

Binti ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa kwato. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alizigusa zote nne na kutangaza: "Joto, joto, joto, joto." Siku moja alisema joto mara tatu akanyamaza, nami moyo ukanipasuka. Alikuwa anapiga chafya tu.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kulitafakari neno la fundi. Gango ni kijiti cha kuungia mfupa, na fundi yuleyule huliita gango kipande cha ubao anachokipigilia chomboni kuushika ubao uliopasuka. Kuganga ni kutibu, na ni kuunga vilevile. Maisha yangu yote nimeitumia methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na sikuwahi kuyasikia maneno yake. Niliitumia kufunga mazungumzo: tusahau, tusonge mbele. Pale uani, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mwanambuzi niliyemvunja amelala kwenye mapaja yangu, nikaisikia kwa mara ya kwanza. Methali ile haisemi tusahau. Inasema tugange, na kuganga ni kazi ya mikono. Inaanza na kuamka usiku wa manane. Bibi alikuwa ameniambia msamaha unangoja, na polepole nilielewa unapongojea: ulikuwa unapikwa humohumo ndani ya kazi.

Siku ya nne, siku ya safari yangu ya kurudi, kusi lilichafuka na hakuna nahodha aliyethubutu kutoka. Siku ya tano likapoa, mashua ikaondoka. Sikuwamo.

Bamvua ilipokuja niliona kisiwa kikibadilika. Bahari ilijivuta mpaka ikawa mstari mweupe wa mawimbi huko mbali, na nyuma yake ikaacha uwanda wa matumbawe, nyasi za bahari na vidimbwi vinavyometa. Wanawake walitoka kwa makundi, kanga zimekunjwa magotini, fito za chuma mkononi, wakaenda kuchokoa pweza mashimoni. Bibi alikwenda nao. Alipokuwa anafunga kilemba chake alinitazama na kusema, "Leo uko peke yako naye. Kwato, harufu, maziwa." Maneno matatu, kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba.

Saa zile nne zilikuwa ndefu. Mchana mwanambuzi alikataa kunyonya. Nilimsimamisha, akalegea. Nilijaribu tena, akalegea tena. Nikagusa kwato, zina joto. Nikanusa gango, halina harufu. Nikakaa chini nisijue la kufanya, nikamwachia tu alale karibu na kiwele cha mama yake, nami nikamsogeza mama taratibu mpaka chuchu ikamgusa mdomo. Baada ya muda mkia wake mfupi ukaanza kutikisika. Mwenye kufuga mbuzi anaujua mkia ule: ndiyo saa ya maziwa, inaonyesha kwamba yanapita. Bibi aliporudi na pweza wawili wakubwa nilimweleza mambo yote kwa haraka, kama mtoto anayesimulia mtihani. Akacheka, akanikatia mkono wa pweza wa kuchoma.

Jioni hiyo nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Mwanambuzi yule ni dume. Mama atabaki, atazaa; dume hutunzwa kwa ajili ya kisu, iwe ni akika, harusi au Idi ya kuchinja. Fundi mwenyewe alikuwa ametaja kwamba mnyama mwenye kilema cha dhahiri hafai kwa mchinjo wa Idi, kwa hiyo mguu ukiunga vizuri thamani yake itarudi. Je, tunamganga ili achinjwe?

Bibi alikuwa anamkuna shingoni. Hakuharakisha kujibu.

"Kisu kina siku yake, mwanangu, na siku hiyo haijulikani hata kwetu sisi. Leo ana njaa, na leo mguu unamuuma. Mie nimepewa leo yake."

Sijapata jibu bora kuliko hilo, kwa mnyama wala kwa mtu. Jirani mgonjwa, mzazi mzee, mtoto wa watu aliyekabidhiwa kwako: hakuna ambaye mwisho wake u mikononi mwetu. Tunapewa siku moja, na ndani yake kwato za kugusa.

Siku ya tisa fundi akaja kufungua. Tulikusanyika sote, hata majirani. Alikata uzi, akaviondoa vipande vinne, akafunua kanga. Mguu ulikuwa umekonda na manyoya yamelala, lakini ulikuwa umenyooka, na palipovunjika alitushikisha mmoja mmoja kivimbe kidogo kilichoanza kuwa kigumu. Mwili, alisema, unajipigia gango lake wenyewe kwa ndani. Letu la nje ni la kuusubirisha tu. Akapasua vipande vipya, virefu kidogo kuliko vya kwanza, akafunga tena.

Kesho yake niliondoka, maana kazi ya mshahara nayo ilikuwa imekatika ikihitaji gango. Hilo ndilo linaloniuma katika safari hii na safari nyingine zote: msafiri ni mtu wa kupita, na kuganga ni kazi ya wanaobaki. Nilikuwa nimetoa siku kumi. Zilizobaki zilikuwa za bibi mmoja na mtoto wa miaka tisa. Nilimwachia binti zile penseli mbili. Alizikagua, akaniambia zina alama za meno. Tulikuwa tumezisahau uani, na mwanambuzi alikuwa amezitafuna.

Mashua ilirudi ikipambana na kusi usoni, na safari hii nilikaa nimejikunja, miguu chini yangu. Kutoka Nangurukuru basi likashika barabara ya kaskazini, likapita Somanga, ambako mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii Mei 2024, magari yakakwama pande zote mbili, na mafundi wakakesha kuiunga. Chini ya ardhi ile gesi ya Songo Songo ilikuwa ikisafiri uelekeo mmoja nami. Usiku nilipowasha taa nyumbani kwangu nilikumbuka ua wa makuti. Niliangalia saa. Ilikuwa zamu yangu ya usiku wa manane, na kulikuwa na mtu mwingine aliyeamka kwa niaba yangu.

Nilipiga simu kila bamvua. Ya pili ilipopita, Bibi aliniambia gango limetolewa. Mara ya kwanza mwanambuzi hakuamini. Alitembea hatua nyingi mguu ameuinua, mpaka mama yake alipomwacha nyuma, akasahau, akaukanyaga. Bado anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Nyuma ya sauti ya Bibi nilimsikia binti akipiga kelele kwamba mbuzi amepanda juu ya ukingo wa kisima, mjomba aambiwe, amepanda mwenyewe.

"Nimesikia," nikasema. "Bibi, je, umenisamehe?"

"Zamani," akasema. "Karibu tena Songo Songo, mwanangu, uje umwone. Ila chomboni, kabla hujasogeza kitu, tazama nyuma yake."